Ngitili za Shinyanga: kisa cha ardhi iliyorudishiwa miti na utafiti ulioipima

Katika mijadala ya kitaaluma kuhusu maendeleo endelevu vijijini, Shinyanga hutajwa kwa namba mbili. Ya kwanza inahusu eneo. Mwaka 1986 ngitili, yaani maeneo ya malisho ya Wasukuma yanayofungwa kwa majira ili nyasi na miti vikue, zilizokuwa zimeorodheshwa mkoani humo zilikuwa kama hekta 600 tu, lakini kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimefika takriban hekta 378,000 katika vijiji 833. Ya pili inahusu thamani. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulikadiria kuwa manufaa ya ngitili yalikuwa sawa na dola 14 za Marekani kwa kila mtu kwa mwezi, wakati wastani wa matumizi ya mtu wa kijijini nchini Tanzania ulikuwa dola 8.50. Namba hizo zimenukuliwa katika ripoti nyingi za kimataifa kama ushahidi kwamba kuhifadhi mazingira na kupunguza umaskini ni jambo moja. Uchambuzi huu haupingi kwamba ardhi ya Shinyanga ilirudi katika hali nzuri. Ushahidi wa hilo ni mwingi. Unachohoji ni uwezo wa namba hizo kujibu swali ambalo, kwa maoni yangu, ndilo lililoamua mafanikio ya kisa hiki na ndilo linaloweza kuyavunja: ngitili ni ya nani, na asiye nayo anaishije?

Jinsi ardhi ilivyochakaa

Shinyanga iko kusini mwa Ziwa Victoria, na wakazi wake wengi ni Wasukuma, ambao hulima na kufuga kwa pamoja. Mvua yake ni wastani wa milimita 700 kwa mwaka, na kiangazi ni kirefu. Kabla ya kugawanywa mwaka 2012, mkoa ulikuwa na ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 50,000, na sensa ya mwaka 2002 ilihesabu humo watu karibu milioni 2.8. Udongo wenyewe hutofautiana kwa hatua chache tu za mteremko, na wenyeji wana majina yake: luseni, ambao ni kichanga cha sehemu za juu, hadi mbuga, ambao ni mfinyanzi mweusi wa mabondeni. Mkulima wa Kisukuma hupanga mazao na malisho yake kwa kufuata tofauti hizo, na ni vigumu kuielewa ngitili bila kuzijua.

Uchakavu wa ardhi hiyo haukuletwa na sababu moja, na katika hili maelezo mepesi kwamba wafugaji wana ng'ombe wengi kupita kiasi yamepotosha watu wengi. Wakati wa utawala wa Mwingereza, hasa kuanzia miaka ya 1920, misitu na vichaka vilifyekwa kwa makusudi ili kumnyima mbung'o mahali pa kuishi. Shinyanga ilikuwa makao ya idara ya utafiti wa mbung'o ya Tanganyika, iliyoongozwa na Charles Swynnerton hadi alipofariki katika ajali ya ndege mwaka 1938, na kazi ya kufyeka ilifanywa na wananchi wenyewe waliokusanywa kupitia watemi wao, yaani machifu. Kwa miongo kadhaa, basi, kuondoa miti ndiko kulikoitwa maendeleo, na kulikuwa na sayansi nyuma yake. Mdudu alipungua, ng'ombe wakaongezeka, na ardhi mpya ikafunguliwa kwa kilimo. Baadaye zao la pamba lilipanuka, na kwa kuwa fedha za pamba mara nyingi zilinunua ng'ombe, mashamba na mifugo vilikua pamoja na kugombania ardhi ileile.

Pigo lililofuata lilikuwa la kiutawala. Mwaka 1963 mamlaka ya watemi yalifutwa, na pamoja nayo zikalegea baadhi ya taratibu zilizokuwa zikiamua nani alishe wapi na lini. Katikati ya miaka ya 1970 ikaja operesheni ya kuwahamishia watu katika vijiji vya ujamaa. Familia zilizokuwa zimetawanyika katika ardhi zao zilikusanywa mahali pamoja, zikaacha nyuma makazi na ngitili zao, na malisho na kuni karibu na vijiji vipya vikaisha haraka. Ngitili iliyoachwa haina mlinzi, na malisho yasiyo na mlinzi hulishwa na kila anayepita. Ni muhimu kuliweka hili wazi kwa sababu linaonyesha kwamba Wasukuma hawakukosa maarifa ya kuhifadhi; walikuwa nayo, ila mpangilio wa makazi na mamlaka uliokuwa ukiyabeba ndio uliovunjwa.

Kufikia katikati ya miaka ya 1980 sehemu kubwa ya mkoa ilikuwa inaelekea kuwa nusu jangwa. Mwalimu Julius Nyerere aliizuru, na jina la "jangwa la Tanzania" likashika. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, unaojulikana kwa kifupi kama HASHI. Baadaye mradi ulipata msaada wa serikali ya Norway na ushirikiano wa kitafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha utafiti wa kilimo mseto. Uliendelea hadi mwaka 2004.

Kilichobadilisha mwelekeo

HASHI ilianza kama miradi mingi ya misitu ya wakati huo ilivyoanza: vitalu vikubwa vya pamoja, miche ya miti ya kigeni, na matumaini kwamba wananchi wangeipanda na kuitunza katika nchi yenye ukame na mchwa. Matokeo yalikuwa hafifu. Badiliko kubwa lilitokea wataalamu walipokaa na wanavijiji na kuwauliza wao wenyewe hutunzaje malisho, na jibu lililorudi likawa ngitili.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mwanzoni mwa mvua na kuachwa nyasi na miti vikue bila kuguswa, kisha likafunguliwa kiangazi kinapokaza, kwa kawaida kuanzia mwezi wa Julai au Agosti, wakati malisho ya kwingine yamekwisha. Aghalabu hulishwa kipande baada ya kipande, si lote kwa mara moja, na ng'ombe wa kulimia, ndama na ng'ombe wa maziwa hupewa nafasi kabla ya kundi lililobaki. Lengo lake la asili halikuwa msitu. Lilikuwa ni kumfikisha maksai kwenye mvua za kwanza akiwa na nguvu ya kuvuta jembe, kwa maana kaya ambayo maksai wake wamedhoofu hulima kwa kuchelewa na kuvuna kidogo. Miti ilirudi kwa sababu ardhi ilipumzishwa. Visiki na mizizi ya migunga na miti mingine iliyokuwa imefyekwa bado ilikuwa hai chini ya ardhi, na mbegu zilikuwepo. Kwa upande wa gharama, hili ni jambo kubwa: kuacha kisiki kichipue hakuhitaji kitalu, wala gari, wala maji ya kumwagilia.

Upande wa pili wa mabadiliko ulikuwa ulinzi. Kanuni za ngitili zilijadiliwa katika dagashida, yaani baraza la jadi la wananchi, na waliosimamia utekelezaji walikuwa sungusungu, walinzi wa jadi ambao tayari walikuwa wamejipatia heshima na hofu kwa kupambana na wizi wa mifugo mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1980. Anayekamatwa akilisha au kukata mti nje ya utaratibu hutozwa faini na wenzake, na uzito wa faini hiyo hauko katika mali tu bali pia katika aibu ya kutengwa. Baadaye halmashauri za vijiji zilizipa baadhi ya kanuni hizo nguvu ya sheria ndogo, zilizopitishwa na halmashauri za wilaya, na hivyo utaratibu wa jadi na wa serikali ukaegemeana. Sitaki kuwapamba sungusungu kupita kiasi, kwa kuwa historia yao ina pia malalamiko ya adhabu kali zisizo na rufaa, lakini ni vigumu kuona chombo kingine ambacho kingelinda maelfu ya vipande vya ardhi vilivyotapakaa katika mkoa mzima bila kulipwa mshahara.

Uzito wa uamuzi huo unaonekana vizuri zaidi tukiulinganisha na Kondoa. Huko mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 serikali iliondoa mifugo yote kutoka eneo la kilomita za mraba 1,256 lililokuwa limemomonyoka vibaya. Uoto ulirudi, na kwa kipimo cha udongo hatua hiyo ilifaulu. Lakini mifugo ilihamishiwa maeneo jirani, na wananchi waliobaki waliishi na katazo lililowekwa kutoka juu. Shinyanga haikuwafukuza ng'ombe. Iliweka ng'ombe katikati ya mpango wenyewe, na mfugaji akawa na sababu yake binafsi ya kulinda nyasi.

Utafiti wa 2005 na namba zake

Wizara ya Maliasili na Utalii pamoja na shirika la kimataifa la uhifadhi, IUCN, ziliunda kikosi cha watafiti kilichoongozwa na Gerald Monela wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Watafiti walikusanya takwimu kutoka kaya 240 katika vijiji 12, wakachunguza masoko, na wakaangalia uoto wenyewe. Walichokipata kuhusu bayoanuai kinaridhisha: katika ngitili zilizochunguzwa walirekodi spishi 152 za miti, vichaka na mimea itambaayo, na spishi 145 za ndege, katika mkoa ambao miaka ishirini kabla uliitwa jangwa.

Matokeo yanayohusu maisha ya kila siku ndiyo ninayoyaona kuwa ya thamani kuliko yote katika ripoti hiyo, ingawa hayanukuliwi kama dola zile 14. Muda wa kutafuta kuni ulipungua kwa saa 2 hadi 6 kwa siku, wa kutafuta nguzo za kujengea kwa saa 1 hadi 5, na wa nyasi za kuezekea kwa saa 1 hadi 6. Kwa kuwa kuni na nyasi ni kazi inayowaangukia zaidi wanawake na watoto, saa hizo zina mwenyewe anayejulikana. Kaya 64 katika kila 100 zilisema hali yao imekuwa afadhali kwa sababu ya ngitili. Asilimia 61 zilitaja kuni kama faida ya ngitili, asilimia 36 zilitumia mapato ya ngitili kusomesha watoto, na asilimia 22 zilisema chakula chao kimepata mchanganyiko bora. Haya ni maelezo ya watu kuhusu maisha yao, na msomaji anaweza kuyapima.

Dola 14 kwa mwezi ni habari nyingine. Tazama ulinganisho wenyewe: thamani ya kitu kimoja kinachotumiwa na kaya inazidi wastani wa matumizi yote ya mtu wa kijijini. Sehemu haiwezi kuwa kubwa kuliko jumla, isipokuwa jumla na sehemu zimepimwa kwa vipimo viwili tofauti. Na ndivyo ilivyo. Takwimu ya matumizi inatokana na tafiti za bajeti ya kaya, ambazo kwa asili yake hunasa vizuri zaidi kile kinachonunuliwa na kile kinacholimwa, na hunasa kwa shida vitu vya bure kutoka porini. Thamani ya ngitili, kwa upande wake, hujengwa kwa kuvipa bei vitu hivyohivyo vya porini, vingi vyake ambavyo havipiti sokoni kamwe. Yeyote anayefanya hesabu ya namna hii lazima aamue kama atatumia bei ya mzigo wa kuni mjini au kijijini, kama atatoa gharama ya kazi ya kuukata na kuubeba, na kama anaamini kuwa bei hiyo ingebaki vilevile iwapo kila kaya ingepeleka kuni zake gulioni siku moja. Kila uamuzi unaweza kuisogeza namba kwa kiasi kikubwa. Watafiti hawakufanya kosa la kufumba macho. Walifanya kazi ambayo haikuwa imefanywa, na walitoa hoja iliyohitajika mbele ya wapanga bajeti waliozoea kuona misitu kama mbao tu. Tatizo limekuja baadaye, kwa wanaoinukuu namba hiyo kana kwamba ni kipato kilichoingia mfukoni.

Namba ya eneo nayo inahitaji uangalifu. Hekta 378,000 ni kati ya asilimia 7 na 8 ya mkoa wa zamani, kiasi kikubwa kwa kipimo chochote, lakini zile hekta 600 za mwanzo zilikuwa ni zile zilizoorodheshwa. Ngitili ya familia ambayo hakuna aliyekuja kuiandika mwaka 1986 haikuwemo katika hesabu, na kadiri mradi ulivyokuwa ukizitafuta ngitili ndivyo ulivyoziona. Sehemu ya ongezeko hilo, kwa hiyo, huenda ni ongezeko la kalamu. Kuna pia sababu ya nje ambayo hadithi ya mafanikio huipita kimya: katika miongo hiyohiyo Wasukuma wengi walihama na mifugo yao kwenda Rukwa, Usangu, Kilombero na Rufiji, na baadhi yao waliondolewa kwa nguvu kutoka bonde la Usangu mwaka 2006 na 2007. Mkoa unaopunguziwa ng'ombe hupata nafuu ya malisho, na gharama ya nafuu hiyo hulipwa kwingine. Tathmini ya uendelevu inayoishia mpakani mwa mkoa haiwezi kuiona gharama hiyo.

Ngitili ni ya nani

Uchunguzi wa vijiji 172 uliofanywa mwishoni mwa miaka ya 1990 uliorodhesha vipande 18,607 vya ngitili, vyenye jumla ya takriban hekta 78,000, na kati yake 284 tu vilikuwa vya jumuiya. Vilivyobaki vyote vilikuwa vya kaya. Ukigawanya eneo hilo kwa idadi ya vipande unapata wastani wa kama hekta 4 kwa kila kimoja.  Wastani huo huchanganya ngitili kubwa za jumuiya, ngitili za wafugaji wenye ardhi pana, na vipande vidogo vya wakulima wa kawaida, na hapo ndipo dola 14 kwa kila mtu zinapopoteza maana, kwa sababu "kila mtu" huyo hayupo kijijini. Yupo mwenye ng'ombe wengi na ngitili kubwa, ambaye katika kiangazi huwakodisha wenzake malisho. Yupo mwenye maksai wawili anayehitaji malisho ya wiki chache. Na yupo asiye na ng'ombe wala ardhi ya kufunga, ambaye zamani alikusanya kuni na mboga za porini katika ardhi iliyokuwa wazi, na sasa ardhi hiyo ina mwenyewe.

Huu ndio upande mgumu wa kisa hiki. Kufungwa kwa ardhi ndiko kulikorudisha miti, na kufungwa huko kulifanikiwa kwa sababu kila kipande kilikuwa na mwenye nacho aliyejua faida itakuwa yake. Lakini kila kipande kinachofungwa na kaya kinapunguza ardhi ya wote, na mwenye uwezo wa kufunga mapema zaidi ni yule aliye na ardhi tayari. Ngitili za jumuiya zilikuwa kinga dhidi ya hilo. Nyingine zilikuwa za kijiji kizima, nyingine za shule au vikundi, na mapato yake yaliweza kwenda katika madarasa au mishahara ya walinzi. Zilikuwa chache, na bila shaka ndizo zilizo rahisi zaidi kuvamiwa au kugawanywa pale uongozi wa kijiji unapobadilika.

Wanawake wananufaika na kuni zilizo karibu, lakini kwa desturi ardhi hurithiwa upande wa wanaume, na mjane au mwanamke aliyeachwa anaweza kujikuta hana sauti juu ya ngitili aliyoisaidia kuikuza. Kuna pia hasara isiyogawanyika sawa: pori liliporudi wanyama nao walirudi, fisi wakiwemo, na uharibifu wao kwa mifugo na mazao ulikadiriwa kuwa zaidi kidogo ya dola 60 kwa familia kwa mwaka. Kwa mwenye ng'ombe 50, kumpoteza ndama mmoja ni hasara. Kwa mwenye mbuzi wanne, kumpoteza mbuzi mmoja ni robo ya akiba yake.

Sheria inatoa njia, ingawa haijanyooka. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inairuhusu halmashauri ya kijiji kutoa hati za hakimiliki za kimila kwa mtu, familia au kikundi, na Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga hifadhi ya msitu ya kijiji. Ngitili haikai sawasawa katika chombo chochote kati ya hivi viwili. Ni malisho na ni msitu. Hufungwa na kufunguliwa kwa majira. Ya kaya huwa chini ya kanuni za jumuiya nzima. Mwanakijiji anayesikia neno "hifadhi" ana sababu ya kuogopa kwamba siku moja atazuiwa kuingiza ng'ombe wake, na hofu hiyo haiondolewi kwa semina. Mashaka hayo yaliongezeka uzito pale mpango wa MKUHUMI, wa kulipia upunguzaji wa hewa ya ukaa kwa kutunza misitu, ulipojaribiwa katika ngitili za Shinyanga baada ya mwaka 2009 kwa fedha za Norway. Malipo ya kaboni humhitaji mwenye msitu ajulikane kwa jina, na kwa hiyo huharakisha uamuzi ambao dagashida ilikuwa ikiuacha wazi kwa busara.

Tangu HASHI ilipofungwa, kazi yake ilipitishwa kwa kituo cha serikali cha misitu ya asili na kilimo mseto, NAFRAC, na mwaka 2012 mkoa wenyewe ukagawanywa: Bariadi, Maswa na Meatu zikaingia Simiyu, na Bukombe ikaingia Geita. Takwimu za mkoa wa sasa wa Shinyanga haziwezi kulinganishwa na zile za mwaka 2005 bila kuunganisha tena wilaya hizo, jambo ambalo mtafiti yeyote mpya atalazimika kulifanya kabla ya kusema kama ngitili zimeongezeka au zimepungua. Njia ya uhakika zaidi ni kurudi katika vijiji vilevile 12, kwa kaya zilezile au warithi wao, na kubadili swali la kwanza katika dodoso. Badala ya kuanza na kiasi cha kuni na bei yake, mtafiti aanze kwa kuorodhesha kila ngitili, nani aliifunga, mwaka gani, ardhi hiyo ilitumiwa na nani kabla ya hapo, na nani leo anaruhusiwa kuingia bila kulipa. Thamani ihesabiwe baada ya hapo, kaya moja moja, na zile zisizo na ngitili zihesabiwe pamoja na nyingine.